Jua la Ijumaa Litukute Wapi

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikimwona Austine sitatabasamu kwanza. Miezi minane si mchezo. Mwanamume anayekaa Nairobi miezi minane akikulisha sauti tu, jioni baada ya jioni, anastahili kukutana na uso mkavu angalau dakika tano. Lakini aliponyanyuka pale mezani, mrefu vilevile, amevaa lile shati la kijani nililomnunulia soko la Migori, kola imeshachakaa kwa kuvaliwa, meno yangu yote yalitoka nje bila ruhusa.

"Bocha," akasema.

"Usiniite Bocha. Mimi ni Bochaberi. Bocha ni wa watu wanaoniona."

"Si nakuona sasa?"

"Sasa ni leo. Jana je?"

Akacheka, akanipa mkono. Tulisalimiana kama watu wa ofisi, maana hoteli ilikuwa na watu na Homa Bay ina macho. Ila mkono wake haukuwa na haraka ya kurudi ulikotoka, na wangu haukumsukuma. Kiganja chake kilikuwa kimeota sugu ya usukani. Nilitaka kuuliza sugu ile ilianza mwezi gani, nikaona aibu.

"Umekonda," nikamwambia tulipoketi.

"Chakula cha Nairobi hakina mwenyewe."

"Na maneno pia umejifunza huko?"

"Hapana. Haya nilikuwa nayo, nilikosa mtu wa kumwambia." Akanitazama, kisha akateremsha macho kwenye sahani. "Wewe umezidi."

"Nimezidi nini?"

"Umezidi tu, Bocha."

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, katika hoteli ndogo ya mabati karibu na gati. Yeye alikuwa ametoka misa. Mimi nilikuwa nimetoka Migori, nikabadilisha gari Rongo, na baba nilimwambia naenda kukagua vyumba vya wageni. Haukuwa uongo. Nilivikagua, viwili, kwa dakika kumi.

Ni vizuri ujue kwa nini binti wa miaka ishirini na saba alihitaji vyumba vya kukagua ili amwone mtu wake. Baba yangu, Mzee Motari, alihama Nyamira, kwa Wakisii wenzake, zamani akaja Migori na gunia moja la misumari. Leo ana duka la mabati na ni mzee wa kanisa letu la Waadventista. Austine Onyango ni Mkatoliki wa Karungu, Mjaluo, mtoto wa ziwa. Mwaka jana alikuja kwetu kujitambulisha, na akachagua kuja Jumamosi. Saa saba mchana, tumetoka tu kanisani, tukasikia pikipiki langoni. Akashuka na samaki mkubwa begani, mumi mnono, ndevu zinaning'inia mpaka kiunoni. Kwao huyo ni samaki wa kumpelekea mkwe. Kwetu, samaki asiye na magamba haingii jikoni siku yoyote, na Sabato ndiyo kabisa.

Mama yangu Bathsheba alijifunika leso usoni akakimbilia ndani kucheka. Baba hakucheka.

"Kijana," alimwambia, "wewe bado sijakukataa. Huyu samaki nimemkataa."

Wiki iliyofuata akawakataa wote wawili. Alisema hana ugomvi na Wakatoliki wala na Wajaluo, amekaa nao maisha yake yote na ndio wanaonunua mabati yake. Ila hataki mjukuu atakayeamka Jumamosi bila kujua kama aende kanisani au sokoni. Baada ya hapo Austine akapata kazi ya udereva katika kampuni ya utalii Nairobi, akaenda, na mimi nikabaki na simu.

Simu hiyo ndiyo iliyozaa safari. Miezi mitatu iliyopita bosi wake alimwambia abuni njia mpya, kwa watu wa Nairobi waliochoka na Naivasha kila sikukuu. Austine akasema, twende kwetu, ziwani. Akasema pia kuna mtu Migori, karani wa mapokezi katika gesti, anayezijua barabara zote za huku, anaweza kuwa mwenyeji wa wageni. Mtu huyo alikuwa mimi.

Watu wengine wakipendana hupanga nyumba. Sisi tulipanga barabara. Kila jioni akishaegesha gari alinipigia. Wakitoka Narok wanywe chai wapi? Kisii wanunue ndizi upande upi wa barabara? Rongo kuna choo kisafi? Nilimjibu yote, naye akimaliza kuandika aliuliza, "Na mwenyeji atakaa wapi?"

"Mahali utakaponiweka."

"Kiti cha mbele."

"Basi andika. Mwenyeji, kiti cha mbele."

Nililala na hicho kiti cha mbele kama mtoto anavyolala na viatu vipya vya Krismasi.

Sasa wageni wa kwanza walikuwa wamepatikana, akina mama sita wa chama kimoja, walimu wastaafu, na safari ilikuwa Alhamisi ile inayokuja. Baba alikubali niende kwa sababu ni kazi na ni wanawake. Hakuuliza dereva ni nani. Mimi nami sikumkumbusha aulize.

"Haya, toa plani," nikasema, maana nilimwona ananiangalia tu na samaki wake wa ngege anapoa.

Akafuta mikono, akatoa karatasi mbili mfukoni, akazinyoosha juu ya meza. Mwandiko wake naupenda. Ni mkubwa na umelala upande mmoja kama ng'ombe waliopigwa na upepo. Alhamisi, Nairobi hadi Migori, kulala. Ijumaa, Migori hadi Thimlich Ohinga kuona kuta za mawe, halafu Karungu, kufika saa kumi na moja na nusu. Chini yake alikuwa amepiga mstari mara mbili: *Jua kuzama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Gari mwisho.* Jumamosi: *Gari halitembei. Wageni wapumzike ufuoni.* Jumapili, Mbita, na boti hadi Takawiri.

Mtu aliyekuja kwetu na mumi siku ya Sabato alikuwa amekaa chini akahesabu dakika za jua la Ijumaa, ambalo likizama Sabato yetu imeingia.

"Umeandika mpaka machweo," nikasema.

"Nimejifunza. Sitaki likukute barabarani."

"Nani amekufunza?"

"Kuna Mwadventista kazini. Namuuliza mpaka amenichoka."

Ningemshika uso pale pale. Badala yake niliendelea kusoma ili asione macho yangu, na ndipo nikafika chini kabisa ya ukurasa, palipoandikwa kwa herufi ndogo: *Ijumaa na Jumamosi. Wageni: gesti. B: kwa Mama.*

"B ni nani?"

"B ni wewe."

"Na Mama?"

"Mama ni mama." Akachukua glasi ya maji, ikiwa tupu, akanywa. "Unajua gesti ya Karungu ni ndogo. Ina vyumba vitatu, na akina mama ni sita, kwa hiyo wawili wawili..."

"Ina vyumba vitano. Nilipiga simu mwenyewe Jumatano. Hiyo ni kazi yangu, Austine."

Akakunja ncha ya karatasi, akaikunjua. Mhudumu alipita akauliza kama tunataka soda, nikatikisa kichwa.

"Wiki mbili zilizopita," nikasema polepole, "uliniuliza napenda rangi gani. Nikasema buluu. Nikafikiri unaninunulia leso. Ulikuwa unanunua nini?"

"Si mimi. Ni mama aliuliza."

"Alikuwa ananunua nini?"

"Pazia."

"La wapi?"

Sauti yake ilishuka. "La simba."

Simba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana wa kwao hujenga ndani ya boma la wazazi. Mimi nimekulia Migori, sihitaji kufundishwa. Msichana akiletwa na kijana jua likizama, akalala bomani humo, kesho yake wanawake huja kumsalimia, na hawamsalimii kama mgeni. Hakuna barua ya wazazi, hakuna kikao, hakuna baba wala mjomba. Jua linazama una jina lako, linachomoza wewe ni mke wa fulani.

"Ulijua," nikasema.

Angeweza kudanganya. Nilimwona akilitafuta neno la kujificha, halafu akaliacha.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuhesabu machweo. Mwanzo nilikuwa nahesabu kwa ajili yako, haki ya Mungu. Halafu nikaona gari likiondoka Migori saa tatu, jua litatukuta Karungu. Nikaona ukishafika, huwezi kutoka mpaka Jumamosi jioni, na kufikia Jumamosi jioni mambo yatakuwa yameisha. Mzee atakasirika, halafu atazoea. Watu huzoea."

"Umechukua Sabato yangu ukaifanya wavu."

"Bocha, nimechoka kukupenda kwa simu!" Wanaume wawili wa meza ya jirani waligeuka. Akapunguza sauti, lakini ilikuwa inatetemeka. "Nimechoka. Nawapeleka watu kuona simba, kuona twiga, wananiuliza dereva mbona uko kimya. Kila kitu kizuri nikikiona nasema nitamwambia jioni. Jioni naambia simu. Babako hataki kuniona. Ungetaka nifanye nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema hapana."

"Basi ulijua jibu, ukalikimbia."

Nilisimama, nikatoka. Jua la nje lilinipiga usoni, na mbele yangu ziwa lilikuwa kimya, magugu yamefunika maji mpaka karibu na mawe. Nitasema ukweli wangu, kwa kuwa hapa hakuna mzee wa kanisa. Nusu yangu ilikuwa inataka. Nusu yangu ilikuwa tayari imefika Karungu, imefungua lile pazia la buluu, imeketi kitandani inamsubiri avue viatu. Kama angenidanganya vizuri zaidi, kama angeficha hiyo B, ningefika huko nikalia kidogo, nikafurahi sana. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko mengine yote. Halafu nikamwona baba yangu Jumamosi hiyo, amevaa suti yake ya kijivu, ameketi kanisani kiti cha mbele, mtu anamnong'oneza sikioni.

Nilirudi ndani. Mkoba wangu ulikuwa umebaki mezani, kwa hiyo sikuwa na hiari.

Austine hakuwa ameinua kichwa. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya zile karatasi kama mtu anayezuia upepo. Niliketi. Niliitazama mikono hiyo muda mrefu, na hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeitunza vizuri mpaka mlangoni, ikaanza kunikimbia.

"Nipe kalamu," nikasema.

"Ya nini?"

"Nipe."

Nikageuza karatasi ya pili upande usioandikwa. "Alhamisi hamtakuja Migori. Mtateremka Kisii, mpite Asumbi, mlale hapa Homa Bay. Mimi nitawasubiri hapa. Ijumaa tunaondoka alfajiri. Mbita, Sindo, Karungu tule chakula cha mchana. Halafu Migori. Saa kumi na mbili akina mama wako gesti ninakofanya kazi, wameoga."

"Na jua?"

"Jua la Ijumaa likukute kwetu."

Alinitazama kama hakusikia. "Kwenu wapi?"

"Kwa Mzee Motari."

"Ataniua."

"Siku ya Sabato haui mtu. Jumapili sijui." Alitaka kucheka, ikakwama. "Nisikize. Kwetu hatumfukuzi mgeni aliyekutwa na Sabato. Wakati wa kufungua Sabato ukimkuta sebuleni, ataimba na sisi, atakula chakula kilichopikwa mchana, atalala chumba cha wageni. Kesho ataenda kanisani na sisi. Baba atakuuliza maswali mpaka jua lizame tena. Hawezi kwenda dukani, hawezi kusema ana kazi. Na wewe huwezi kuwasha gari ukakimbia. Mtakaa na kutazamana."

"Na akikataa tena?"

"Atakuwa amekataa mtu anayemjua. Mwaka jana alikataa mtu aliyemwona robo saa."

"Na wewe utamwambia nini kabla?"

Nikamrudishia kalamu. "Leo jioni nikifika nitamwambia dereva ni wewe. Anaweza kunizuia nisiende safari. Basi sitaenda. Kiti cha mbele kitabaki wazi, na wewe Ijumaa utapiga hodi vilevile. Ukipiga hodi, nitajua. Usipopiga, nitajua pia."

Alivuta pumzi ndefu. Kidole chake kilipita juu ya mistari niliyoandika, kikasimama.

"Takawiri haimo," akasema. "Nilikuahidi Takawiri. Ule mchanga mweupe."

"Kisiwa hakihami, Austine. Sisi ndio tunahama."

Tulitazamana. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na sikuyakwepa. Tungekuwa peke yetu sijui ningefanya nini, namshukuru Mungu kwa wale wanaume wawili na sahani zao za omena.

"Mama amesiriba ile simba upya," akasema. "Amewaambia shemeji zake. Amenunua kuku."

"Mpigie."

"Nitampigia jioni."

"Sasa. Na mimi nisikie."

Alishika simu kama inamchoma. Ikaita mara tatu, halafu sauti ya mwanamke ikajaa mezani, na nyuma yake mlio wa mtu anayepasua kuni. Alimwita mwanawe kwa Dholuo, *nyathina*, mtoto wangu, kwa furaha kiasi kwamba nilitamani kuinamisha kichwa.

"Mama, niko na Bochaberi. Anasikia."

"Ayaa! Anaendelea aje? Mwambie pazia iko tayari, imetoka smati sana."

"Mama." Austine alifumba macho. "Ijumaa hatutalala. Tutafika saa saba mchana, na wageni, tule, tuondoke. Tunaenda kulala Migori. Mimi nitakuwa kwa babake."

Kuni ziliacha kupasuliwa.

"Hata yeye halali?"

"Halali, Mama."

"Ni wewe umesema ama ni yeye?"

Nilimwona akinitazama. Nilijua kwamba jibu la swali hilo ndilo nitakaloolewa nalo au kuachana nalo.

"Mimi nilitaka alale," akasema. "Nilimpangia bila kumwambia. Yeye amekataa, na mimi nimeona ana haki."

Nilisikia kigoda kikivutwa, mtu akiketi.

"Mimi nililetwa hapa jioni," akasema mama yake, na sauti ilikuwa nyingine, ya chini. "Babako alinishika mkono, jua imezama, mimi nacheka. Nilikuwa miaka kumi na tisa. Asubuhi wamama wakakuja, wakaimba, nikaona hii ni harusi. Baba yangu hakukula chakula kwa hii nyumba mpaka akakufa. Mama yangu alikuja mara moja, wakati nimekuzaa wewe. Alisimama hapo kwa gate. Nikamwambia ingia, akakataa, eti ataingiaje mahali hakuna mtu alimwita. Nikakutoa nje, akakubeba hapo kwa barabara, akanirudishia, akaenda."

"Mama, hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Hiyo pazia nilikuwa naweka ndiyo huyo msichana akiamka aone amependwa. Mimi sikuwekewa kitu." Akapenga kamasi. "Mlete mchana. Mchana kabisa, watu wote wako macho. Na huko kwa babake ukae mpaka akuchoke."

Austine alikuwa amekunja ngumi mdomoni. Nikachukua simu mkononi mwake.

"Mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na neno lilitoka kwa kukwaruza. "Ni mimi. Nitakuja mchana."

"Njoo, nyar Kisii, binti ya Kisii. Utakula, utaenda, sitakushika." Nilimsikia akitafuta pumzi. "Lakini hiyo siku ingine, wakati wenu watakubali, kuja na mamako. Usiwache asimame kwa gate. Nataka nimshike mkono, aingie mpaka ndani."

"Ataingia, Mama," nikasema, nami bado sikujua jioni ile nitamwambiaje baba yangu.